Kuandaa Onyesho la Bendi ya Jamii katika Majira ya Kuchipua

Wapigaji wa bendi ya jamii, yaani bendi ya vyombo vya kupuliza na ngoma, ni walimu, mafundi, wanafunzi, wauguzi na wastaafu wanaokutana jioni moja kwa wiki, baada ya kazi, wakiwa na vyombo vyao mkononi na uchovu wa siku mabegani. Hawalipwi, na wengi wao hawapati nafasi ya kufanya mazoezi nyumbani kila siku. Kwa bendi ya namna hii, ubora wa onyesho huamuliwa kwanza na saa ambazo wapigaji watakaa pamoja kabla ya siku yenyewe, na jinsi saa hizo zitakavyotumika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu ya muda, na hatua zote zinazofuata zinairejea hesabu hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa jukumu la kusimamia onyesho, awe ni mwongozaji wa bendi, katibu wake au mpigaji aliyejitolea.

Hatua ya kwanza: Hesabu saa kabla ya kuchagua muziki

Majira ya kuchipua huwa kati ya Machi na Mei katika nusu ya kaskazini ya dunia, na kati ya Septemba na Novemba katika nusu ya kusini. Maana yake ni kwamba mazoezi ya onyesho hili hufanyika wakati wa baridi, ambapo mafua huwapunguza wapigaji bila kutoa taarifa. Kwa bendi za kaskazini lipo pia suala la Pasaka, ambayo kwa makanisa yanayofuata kalenda ya Gregori inaweza kuwa siku yoyote kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili. Onyesho lililowekwa wikiendi fulani mwaka jana bila tatizo linaweza mwaka huu kugongana na sikukuu, likizo za shule au mitihani. Fungua kalenda upya kila mwaka, uwaulize wapigaji walio wanafunzi na walio wazazi, kisha ndipo ukapange ukumbi.

Baada ya kupata tarehe, hesabu kurudi nyuma. Tuseme zimebaki wiki 12 na kila zoezi ni la saa mbili. Kwenye karatasi hizo ni saa 24, lakini kila jioni angalau nusu saa huliwa na kupanga viti, kupasha vyombo moto, kutuni (kulinganisha sauti za vyombo), matangazo na mapumziko mafupi. Zinabaki dakika 90 za muziki kwa kila zoezi, yaani dakika 1,080 kwa msimu mzima. Zoezi la mwisho ni la kupiga programu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kurekebisha lolote, kwa hiyo liondoe nalo. Unabaki na dakika 990. Ikiwa programu ina dakika 55 za muziki, kila dakika itakayosikika jukwaani ina dakika 18 za maandalizi ya pamoja. Kipande cha dakika sita kina saa moja na dakika 48, na hakuna zaidi.

Tarakimu hizo zikiandikwa ubaoni siku ya kwanza, mazungumzo juu ya muziki gani upigwe hubadilika mara moja. Kipande kinachohitaji saa nne kinaweza kupigwa, lakini saa hizo zitatoka kwenye vipande vingine, na ni haki ya bendi kujua hivyo mapema. Waeleze pia wapigaji kwamba anayekosa mazoezi matatu kati ya 12 amepoteza robo ya msimu. Liseme jambo hili kwa upole na bila lawama, kwa sababu watu wana familia na kazi za zamu. Ila wapewe ratiba yote kwa maandishi tangu mwanzo, ili anayejua atakosekana aseme, na jirani yake ajiandae kuibeba sehemu yake.

Hatua ya pili: Chagua muziki kwa kuwatazama wapigaji ulio nao

Andika orodha ya wapigaji chombo kwa chombo, na si kwa jumla. Bendi yenye watu 40 inaweza kuwa na klarineti kumi na mbili, filimbi tisa na saksofoni saba, huku ikiwa na honi moja, tromboni mbili, tuba moja na mpiga obo (chombo chembamba cha mbao) asiye na uhakika wa kuwapo. Jumla ya watu 40 inaonekana kubwa, lakini utunzi uliojengwa juu ya honi nne utaporomoka hapo. Honi, obo na basuni (chombo cha mbao cha sauti ya chini) ndizo nafasi zinazokosa watu mara nyingi zaidi katika bendi za jamii, na wachapishaji wengi wa nota hulijua hilo, hivyo huandika nota ndogo za akiba katika karatasi za vyombo vingine ili mstari muhimu usipotee.

Pale nota za akiba zisipokuwapo, mstari unaweza kuhamishwa kwa chombo kingine kwa kazi ya jioni moja. Mstari wa basuni unaweza kupigwa na yufoniamu, chombo cha shaba kinachofanana na tuba ndogo, bila kuandikwa upya, kwa kuwa vyote viwili husoma ufunguo wa besi (alama ya nota za chini) kwa sauti halisi, yaani nota iliyoandikwa ndiyo inayosikika, mradi tu mpigaji wa yufoniamu awe amezoea ufunguo huo. Mstari wa honi ya F ukipewa saksofoni ya alto, ambayo ni chombo cha E bemoli (yaani ikisoma C hutoa E iliyoshushwa nusu toni, kama honi ya F inavyotoa F), kila nota inaandikwa toni moja juu zaidi ya ilivyokuwa kwenye karatasi ya honi, na sauti inatoka ileile. Fanya kazi hii kabla ya zoezi la kwanza. Kumwomba mpiga saksofoni ahamishe nota kichwani papo hapo mbele ya wenzake arobaini ni kumtwisha aibu asiyoistahili.

Mtunzi Mwingereza Gustav Holst alipoandika swiiti (mfululizo wa vipande vifupi) yake ya kwanza ya bendi mwaka 1909, aliziacha sehemu nyingi ziwe za hiari, hivyo kwamba wapulizaji 19 pamoja na wapiga ngoma wangetosha kuipiga. Tungo zenye uvumilivu wa aina hiyo zipo nyingi, za zamani na za sasa, na ndizo rafiki za bendi ya jamii. Nota za bendi pia huuzwa zikiwa zimepangwa kwa daraja la ugumu, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 6. Ushauri wangu, na ninausimamia, ni kwamba sehemu kubwa ya programu iwe daraja moja chini ya kile ambacho wapigaji wako bora wanakiweza, na kipande kimoja tu kiwe cha kuwanyoosha. Hadhira haijui daraja la kipande inachokisikia, lakini inajua mara moja kama watu walio jukwaani wanastarehe au wanapambana kumaliza.

Katika kupanga mfuatano, fikiria midomo. Mpiga tarumbeta hutoa sauti kwa kuitetemesha midomo yake mwenyewe, na misuli ya midomo huchoka kama misuli ya miguu ya mkimbiaji. Usiviweke mfululizo vipande viwili vinavyoipandisha tarumbeta ya kwanza juu sana. Anza na kitu chenye nguvu lakini kisicho na hatari, ili wapigaji wauzoee mwangwi wa ukumbi wakiwa bado salama. Kipande kigumu kuliko vyote kiwekwe cha pili au cha tatu, wakati akili na midomo bado ni mizima, na baada yake kije kipande cha polepole ambamo filimbi na klarineti zinabeba melodia huku vyombo vya shaba (tarumbeta, honi, tromboni na tuba) vikipumzika. Kipande cha nyongeza, kile kitakachopigwa hadhira ikiomba zaidi, nacho kichaguliwe sasa hivi na kifanyiwe mazoezi. Maachi (muziki wa gwaride) ya dakika tatu inayojulikana vema na bendi yote inatosha.

Hatua ya tatu: Maliza mambo ya haki mapema

Kununua seti ya nota si sawa na kununua haki ya kuzipiga mbele ya watu. Hizo ni haki mbili tofauti, na katika nchi nyingi ruhusa ya kupiga hadharani hutolewa na chama kinachokusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi. Mara nyingine ukumbi wenyewe huwa tayari umelipia, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa mara mbili. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, unaweka ulinzi wa kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Zingatia kwamba wimbo wa kale usio na mwenyewe ukipangwa upya kwa ajili ya bendi, ule mpangilio una mwenyewe. Kutoa nakala za seti iliyoazimwa ili kuepuka kununua ni kumnyang'anya mtunzi riziki yake, na sisi tunaoupenda muziki tunapaswa kuwa watu wa mwisho kufanya hivyo.

Hatua ya nne: Gawa msimu wa mazoezi

Mazoezi mawili ya kwanza ni ya kusoma. Piga kila kipande kutoka mwanzo hadi mwisho hata kama kinachechemea, kisha uandike mahali palipovunjika. Ukikaa na kipande kimoja jioni nzima katika wiki ya kwanza, wapigaji watarudi nyumbani bila kujua nini cha kufanyia mazoezi katika vipande vingine vitano.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya saba, fanya kazi kwenye sehemu ngumu peke yake. Hapa ndipo zile dakika 990 hupotea au huokolewa. Katika kipande cha dakika sita, sehemu zinazohitaji kazi kweli mara nyingi hazizidi dakika moja na nusu: kifungu cha klarineti chenye vidole vya haraka, mahali mwendo unapobadilika, mahali ngazi ya sauti inapohama, na mwisho. Kuanza kila mara kutoka juu kabisa na kusimama mahali palepale palipovunjika wiki iliyopita huifanya bendi iupige mwanzo vizuri mno na mwisho vibaya mno. Jaribu kinyume chake. Anza na vipimo nane vya mwisho, vile vyumba vidogo vinavyotengwa na mistari ya wima, halafu rudi nyuma vipimo nane vingine ukiunganisha na vilivyotangulia, mpaka ufike mwanzoni. Wapigaji wakifanya hivyo, kila wanaposonga mbele wanaelekea mahali wanapopajua, na hofu ya kurasa za mwisho inaondoka.

Kifungu cha haraka kipigwe kwanza kwa kasi ambayo kila mtu anaweza kukipiga bila kosa, hata ikiwa ni nusu ya kasi iliyoandikwa, kisha metronomu, kifaa kinachogonga mdundo wa kasi iliyowekwa, ipandishwe kidogo kidogo. Kosa lililopigwa mara kumi kwa haraka limefundishwa mara kumi. Wakati klarineti zinafanya kazi hiyo, usiwaache watu wengine thelathini wakitazama dari. Ikiwa jengo lina chumba cha pili, gawa bendi kwa dakika 40: vyombo vya mbao (filimbi, klarineti, obo, basuni na saksofoni) huku, vyombo vya shaba kule, kila kundi na kiongozi wake. Kwa kugawanyika hivyo umepata dakika 80 za kazi kwa gharama ya dakika 40, na sijui njia nyingine yoyote ya kuongeza muda ambao kalenda haikukupa.

Wapiga ngoma wanahitaji mpango wao wenyewe, na mara nyingi husahaulika. Programu moja inaweza kuhitaji ngoma kubwa, ngoma ya nyuzi, timpani (ngoma za bakuli zinazotuniwa), matoazi, pembetatu, tari na marimba ya vyuma, huku wapigaji wakiwa watatu au wanne tu. Mmoja wao achore jedwali linaloonyesha kila kipande, nani anapiga nini, anahama kutoka wapi kwenda wapi, na fimbo gani zinahitajika mkononi. Mtu anayepaswa kuliacha toazi na kuifikia timpani ndani ya vipimo viwili lazima afanye mazoezi ya kutembea, na lazima vyombo hivyo vipangwe kwa umbali uleule kwenye kila zoezi.

Wiki ya nane hadi ya kumi ni za kuunganisha. Rekodi zoezi kwa simu iliyowekwa mbali, nyuma kabisa ya chumba, na usikilize nyumbani ukiwa umetulia. Jambo utakalolisikia kwanza, kwa hakika, ni uwiano: tromboni na tarumbeta zimeifunika filimbi iliyokuwa na melodia. Alama ya kupiga kwa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya tarumbeta na alama ileile kwenye karatasi ya filimbi hazitoi ukubwa sawa wa sauti, kwa sababu vyombo havina nguvu sawa. Wafundishe wapigaji swali moja la kujiuliza: je, ninamsikia mwenye melodia? Asiyemsikia apunguze.

Masikio nayo yalindwe. Kiwango kinachotumiwa sana katika usalama wa kazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kwa viwango vingi muda huo hupungua kwa nusu kila sauti inapoongezeka desibeli tatu, hivyo kwenye desibeli 94 muda salama ni saa moja. Bendi kamili katika chumba kidogo chenye kuta ngumu huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Walio mbele ya tarumbeta na tromboni wapewe nafasi zaidi au vizibo vya masikio vya wanamuziki, na kama chumba kina mapazia mazito, yafungwe wakati wa mazoezi.

Hatua ya tano: Elewa joto na utuni ipasavyo

Hili ni jambo la majira ya kuchipua hasa, na ninaliwekea nafasi kwa sababu nimewahi kulilipia. Tulitunika vizuri katika chumba cha nyuma chenye ubaridi, tukapanda jukwaani penye taa na watu mia kadhaa, na kufikia kipande cha tatu bendi ilikuwa imepanda juu kiasi kwamba marimba ya vyuma ilisikika kama imetoka kwenye onyesho jingine.

Sababu yake ni ya kifizikia. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, na takriban mita 343 kwenye nyuzi 20. Hewa iliyo ndani ya chombo ikipata joto, mawimbi husafiri kwa kasi zaidi na sauti hupanda, takriban senti tatu kwa kila nyuzi moja, ambapo senti 100 ni nusu toni. Tofauti ya nyuzi saba kati ya chumba cha baridi na jukwaa lenye joto inaweza basi kukaribia senti 20, na sikio lolote hulitambua hilo. Pumzi ya mpigaji hupunguza tofauti hiyo kwa kuwa nayo hukipasha chombo joto, ila chombo kikubwa kama tuba huchelewa kupata moto kuliko filimbi. Vyombo vyenye vipande vya chuma vya kugongwa havipandi pamoja na vingine, na hapo ndipo mpishano unapoanikwa wazi.

Kwa hiyo tuni mara mbili: mara ya kwanza kwa makadirio baada ya kupuliza kwa dakika kumi, na mara ya pili jukwaani kwenyewe, kabla ya kipande cha kwanza. Kiwango cha kimataifa ni A ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), lakini bendi nyingi za kupuliza hutuni kwa B bemoli ya sauti halisi kwa kuwa vyombo vingi vya shaba na klarineti vimejengwa juu yake. Mwongozaji anaweza kutoa zote mbili, A kwa ajili ya vyombo vya mbao na B bemoli kwa ajili ya shaba. Baada ya mapumziko ya katikati, tuni tena, kwa sababu vyombo vilivyoachwa kwenye viti vimepoa.

Wenye klarineti na obo za mbao wawe waangalifu zaidi. Vyombo vizuri vya aina hiyo huchongwa kwa mpingo, mti mgumu na mzito ambao hata hivyo hupasuka ukitolewa kwenye ubaridi na kupulizwa pumzi ya moto kwa ghafla. Chombo kishikwe mikononi mpaka kisiwe baridi tena kwa kugusa, ndipo kipulizwe taratibu. Ndimi za mwanzi, vile vipande vyembamba vinavyotetemeka mdomoni, nazo hubadilika hewa ya ukumbi inapokuwa kavu au yenye unyevu tofauti na ile ya chumba cha mazoezi, kwa hiyo kila mpigaji awe na angalau tatu zilizokwisha kuzoeleka mdomoni. Ulimi mpya kabisa usitumiwe siku ya onyesho.

Hatua ya sita: Pima jukwaa kwa futi kamba

Maelezo ya ukumbi yakisema kwamba jukwaa linatosha watu 60, huenda yanamaanisha kwaya iliyosimama. Mpigaji aliyeketi na stendi yake ya nota anahitaji takriban mita moja na nusu hadi mbili za mraba. Mpiga tromboni anahitaji nafasi ya kunyoosha mkono wote mbele, vinginevyo atamgonga mwenzake mgongoni, na timpani pamoja na ngoma kubwa hula eneo la watu wanne au watano. Nenda ukapime mwenyewe, uchore mpangilio kwenye karatasi, kisha uweke alama za gundi sakafuni ili viti vikae mahali pake bila mabishano. Viti viwe vya kiegemeo cha nyuma kisicho na mikono ya kando, na vyenye sehemu ya kukalia iliyo bapa, kwa kuwa anayezama kitini hawezi kujaza mapafu hadi chini kabisa.

Mpangilio wa kawaida huweka filimbi, obo na klarineti mbele, saksofoni na honi katikati, tarumbeta na tromboni nyuma, tuba na yufoniamu upande mmoja, na ngoma nyuma kabisa. Jua kwamba mpiga ngoma aliye mita 12 nyuma ya mwongozaji hutoa sauti inayofika mbele baada ya takriban sehemu 35 za elfu za sekunde. Muda huo ni mdogo, lakini katika maachi ya haraka unatosha kuufanya mdundo usikike umechelewa. Dawa yake ni kwamba wapiga ngoma waifuate fimbo ya mwongozaji kwa macho, na wasiingoje klarineti kwa masikio.

Onyesho likiwa nje, mambo matatu hubadilika. Hakuna kuta za kurudisha sauti, hivyo wapigaji hawasikiani vizuri na lazima wakae karibu zaidi. Upepo utazibeba nota, kwa hiyo kila stendi iwe na vibanio vya nguo viwili au zaidi, na wapigaji wafanye mazoezi ya kufungua ukurasa wakiwa navyo. Jua la jioni nalo lisiwapige machoni wapigaji wala mwongozaji, jambo linalojulikana tu kwa kwenda mahali hapo saa ileile siku chache kabla. Kuwe na ukumbi wa akiba ikiwa mvua itanyesha, na saa ya kufanya uamuzi iwekwe wazi, kwa mfano saa sita mchana, ili wapigaji na hadhira wasibaki wakikisia.

Hatua ya saba: Kabidhi kazi zisizo za muziki

Mwongozaji asiwe ndiye anayetafuta ufunguo wa ukumbi. Mtu mmoja asimamie jukwaa, mmoja awe mtunza nota, mmoja asimamie mlango na tiketi, na mwingine matangazo na kijitabu cha programu. Kijitabu kiwe na majina ya wapigaji wote yaliyohakikiwa na wenyewe, kwa kuwa jina lililokosewa huumiza kuliko nota iliyokosewa, pamoja na jina la mtunzi na la mpangaji wa kila kipande. Matangazo yaanze wiki sita kabla, na kila mpigaji aombwe kuwaalika kwa mdomo watu watano anaowafahamu. Hakikisha pia kwamba mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika hadi mahali pake, na ikiwa miongoni mwa wapigaji yupo anayetumia, basi hata jukwaani.

Hatua ya nane: Zoezi la mwisho na siku yenyewe

Zoezi la mwisho lifanyike ndani ya ukumbi wenyewe, na programu ipigwe kwa mfuatano wake, pamoja na kuingia, kusimama, kuinama, kuhama kwa wapiga ngoma na hotuba fupi za kati ya vipande. Mtu mmoja ashike saa. Mara nyingi programu ya dakika 55 za muziki hugeuka kuwa saa moja na nusu baada ya kuongezwa mapumziko, makofi na maneno, na ni afadhali kuligundua hilo sasa kuliko mlinzi wa ukumbi anapotaka kufunga. Ikiwa kipande kimoja bado kinayumba, kiondoe. Uamuzi huo ni mgumu kwa waliokitolea jasho, na lazima mwongozaji awaeleze wazi kwamba kitarudi msimu ujao. Lakini vipande vitano vilivyopigwa kwa uhakika ni zawadi kubwa kwa hadhira kuliko sita ambavyo kimojawapo kinasambaratika katikati.

Siku ya onyesho, wapigaji wafike dakika 75 kabla. Dakika 20 za kwanza ni za kukusanya vyombo na kuvipasha joto kwa nota ndefu na laini. Dakika 25 zinazofuata bendi ipige mwanzo na mwisho wa kila kipande pamoja na kila mahali mwendo unapobadilika, na isipige kitu chochote kizima, maana midomo ni akiba ya usiku. Milango ifunguliwe bendi ikiwa imetoka jukwaani. Wapigaji wanywe maji, wapitie karatasi zao ziwe katika mfuatano wa programu, na wenye vyombo vya shaba waviangalie vali na mafuta yake. Mtunza nota awe na nakala moja halali ya ziada ya kila sehemu, penseli kadhaa na taa ndogo za stendi.

Jukwaani, mwongozaji asianze kabla ya kuyaona macho ya watu wote. Apumue pamoja na bendi katika mwendo wa kipande chenyewe, kwa sababu pumzi ya pamoja ndiyo inayoleta mwanzo wa pamoja. Kosa likitokea, na litatokea, mkono wake uendelee kuonyesha pigo la kwanza la kila kipimo kwa uwazi zaidi, na aliyepotea aingie kwenye herufi au namba ya mazoezi inayofuata, ile iliyochapwa kwenye nota kama alama ya mahali pa kuanzia, ambayo mwongozaji anaweza kuitamka kwa midomo. Bendi iliyozoea kuanza kutoka kila namba wakati wa mazoezi hujikusanya ndani ya vipimo vichache, na wasikilizaji wengi hawatajua kwamba ilipotea.

Makofi yakija, wasimamishwe kwanza waliopiga solo, kisha kila kundi la vyombo, na mwisho bendi yote. Wapiga ngoma na wapiga tuba, ambao hukaa nyuma wasikoonekana, wapewe zamu yao kamili ya kusimama.

Hatua ya tisa: Kabla taa hazijazimwa

Maji yaliyokusanyika ndani ya vyombo yatolewe na vyombo vya mbao vipitishwe kitambaa ndani kabla ya kufungiwa kwenye masanduku, kwa sababu unyevu ulioachwa usiku kucha huharibu pedi (vizibo laini vya matundu ya chombo) na kuupasua mpingo. Vyombo vya kuazima vihesabiwe pamoja na fimbo zake. Mtunza nota asimame mlangoni akiwa na sanduku, apokee folda kutoka kwa kila mpigaji na kutia alama kwenye orodha, kwani karatasi ya tromboni ya pili ikienda nyumbani usiku huo ni vigumu kuiona tena. Wiki inayofuata, bendi ikae nusu saa kuisikiliza rekodi ya onyesho, kila mtu akiwa na penseli, na maelezo yao yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la msimu ujao, karibu na hesabu mpya ya dakika.